Mali bila Daftari: Pombe za Ndizi na Vitabu Vyake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yamkumbusha mfanyabiashara kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, asije siku moja akaliona duka lake tupu bila kujua ni lini lilianza kupungukiwa. Sisi twaona kwamba methali hii yafaa vilevile kwa utamaduni. Mila na ufundi wa mikono ni mali ya taifa, nayo hupotea kama mali ya dukani: kidogo kidogo, kimya kimya, mpaka siku ile mtu atakapouhitaji ufundi huo na kukuta kwamba mzee wa mwisho aliyeujua amekwisha kuzikwa.

Katika insha hii twakusudia kuzungumzia mali moja iliyo karibu mno nasi, na ambayo kwa sababu ya ukaribu huo watu wengi hawaihesabu kuwa ni mali. Nayo ni ujuzi wa kutengeneza pombe za ndizi: mbege ya Wachagga wa Kilimanjaro na olubisi ya Wahaya wa Kagera. Tutaueleza ujuzi wenyewe kwa ufupi, kisha tutauliza maswali matatu. Ni nani waliouandika? Waliuandika kwa sababu gani? Na ni jambo gani walilolisahau?

Kabla ya kuendelea yatupasa tuseme neno moja wazi. Hatuandiki kwa kusifu ulevi. Miongoni mwa wasomaji wetu wako ambao dini yao yawakataza kileo cha kila namna, na wako vijana ambao umri wao na masomo yao vyawataka wakae mbali nacho. Ulevi umevunja nyumba nyingi, na hakuna mila inayoweza kuuhalalisha. Lakini mwanahistoria hachagui kuyasoma yale tu anayoyapenda. Aliyeamua kutoijua pombe ya jadi hawezi kuelewa posa, mazishi, mashauri ya wazee wala kodi ya watawala katika sehemu kubwa ya nchi yetu.

Tunda la ng'ambo na nafaka ya nyumbani

Mgomba si mmea uliozaliwa Afrika. Asili yake ni nchi za kusini-mashariki mwa bara la Asia, na ulifika kwetu zamani sana kwa njia ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, ulipofika katika nyanda za juu zenye mvua, kuanzia milima ya kaskazini-mashariki hadi nchi za Ziwa Viktoria, wakulima waliupokea na kuulea hata ukawa wao. Kwa vizazi vingi waliteua machipukizi, wakayabadilishana na majirani, wakayapa majina, mpaka zikapatikana aina nyingi za ndizi za nyanda za juu ambazo hazipatikani katika nchi zile za asili. Basi mgomba wa Bukoba ni kazi ya mikono ya Waafrika kama ilivyo kazi ya maumbile.

Nafaka zinazotiwa katika pombe hizo, kwa upande mwingine, ni za nyumbani. Ulezi na mtama ni mazao ya Afrika yenyewe, na vyote viwili vililimwa katika bara letu kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo katika chungu kimoja cha mbege hukutana matunda ya historia mbili: ndizi iliyovuka bahari na ulezi uliozaliwa katika ardhi hii. Tena jina lenyewe lafundisha, kwani katika Kichagga mbege ni ulezi. Kinywaji kimechukua jina la nafaka, si la ndizi, ingawa ndizi ndizo nyingi zaidi chunguni.

Wahaya nao wamezigawanya ndizi zao kwa kazi. Ebitoke ni ndizi za kupika. Enkonjwa ni za kuchoma. Nyingine ni tamu za kuliwa mbivu. Na embile ni za pombe. Mgeni akimenya embile mbivu na kuitia kinywani ataitema, kwa maana ni chungu na yakaza ulimi kama ganda la mti. Ukakasi huo si kasoro. Ndio unaoipa pombe ladha yake, na wakulima waliitunza aina hiyo kwa makusudi kizazi baada ya kizazi, wakijua wazi kwamba haifai kwa chakula. Huu ni ushahidi wa kwanza kwamba tunazungumzia ufundi uliofikiriwa, si bahati nasibu ya matunda yaliyooza.

Ujuzi wa mikono

Mbege hupikwa kwa hatua mbili zinazokwenda sambamba. Katika hatua ya kwanza ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa maji muda mrefu, mpaka rangi yake igeuke kuwa nyekundu ya udongo. Kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Katika hatua ya pili ulezi hulowekwa na kufunikwa hadi uchipue, hukaushwa juani na kusagwa kuwa unga wa kimea. Unga huo hupikwa uji, na humo hutiwa magamba ya mti uitwao msesewe, ambayo ndiyo yanayoleta uchungu. Uji ukiisha kupoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na mchanganyiko huo huachwa uendelee kuchachuka. Kwa kawaida siku inayofuata kinywaji huwa tayari, nacho hakikai: baada ya muda mfupi huwa kikali na kichachu kupita kiasi.

Mwanafunzi wa kemia ataona mara moja kwamba kila hatua ina sababu yake. Kuchipua kwa ulezi huamsha vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Hamira za asili, ambazo hukaa katika vyombo na katika mabaki ya pombe iliyotangulia, huigeuza sukari kuwa kileo na hewa ya ukaa, na ndiyo maana chungu hutoa povu na kuunguruma. Msesewe una kemikali kali, kwa hiyo lazima utiwe kwa kiasi. Mpishi asiyekijua kiasi hicho aweza kuwadhuru wanywaji. Akina mama ambao leo ndio wenye kazi hii kwa sehemu kubwa hawakuvisoma vimeng'enya shuleni. Walijua kwa jicho, kwa pua na kwa ncha ya ulimi.

Olubisi yatengenezwa kwa njia nyingine, nayo kwa desturi ilikuwa kazi ya wanaume. Mikungu ya embile huivishwa kwa joto, ama katika shimo lililotandikwa majani ya migomba na kupashwa moto, ama juu ya dari ya jikoni palipo na moshi. Ndizi zikiisha kuiva humenywa na kutiwa katika hori refu lililochongwa kwa gogo mfano wa mtumbwi. Humo hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani, ambayo hushika nyuzi na machicha na kuyaacha maji matamu yatoke peke yake. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya kawaida kwa kiasi, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Hori hufunikwa kwa majani ya migomba lisipate baridi, na baada ya siku moja au zaidi kidogo pombe huwa imeiva.

Katika kazi zote mbili liko jambo ambalo maelezo yetu haya mafupi hayawezi kulibeba. Ndizi iliyoiva vya kutosha yajulikanaje? Uji wapaswa kupoa kiasi gani kabla ya kuchanganywa? Majani ya kukanyagia ni yapi, nayo hukatwa wakati gani? Maswali hayo yaonekana madogo, lakini ndiyo yanayomtenganisha fundi na mwanafunzi wake. Tutayarudia mbele.

Kazi ya pombe katika jamii

Huko Kilimanjaro mbege ilikuwa sehemu ya sheria. Mtu aliyehukumiwa na wazee aliweza kutakiwa alete pombe, na pombe hiyo ilipokwisha kunywewa na pande zote mbili shauri lilihesabiwa kuwa limekwisha. Posa haikukamilika bila mbege, nayo haikuletwa siku moja bali kwa hatua, kila hatua na watu wake wanaostahili kuipokea. Wahenga waliokufa nao walimwagiwa sehemu yao. Katika kata lililopokezwa mkono kwa mkono utaratibu wa ukoo ulionekana: nani anywe kwanza, nani amfuatie, nani asubiri. Mwenyeji alionja mbele ya wageni wake ili wajue kuwa kata ni salama.

Kilimo chenyewe kilifungamana na kinywaji hiki. Mifereji ya Wachagga, ambayo wageni wengi waliisifu kwa ustadi wa kuchimbwa kwake, haikumwagilia migomba peke yake. Ilishuka pia hadi mashamba ya chini ambako ulezi ulilimwa wakati wa kiangazi, na sehemu kubwa ya ulezi huo iliishia katika vyungu vya mbege. Kwa hiyo aliyetaka pombe hakuweza kuipata bila mfereji, na mfereji haukuweza kutengenezwa ila kwa kazi ya pamoja. Kinywaji cha starehe kilisimama juu ya msingi wa ushirika.

Katika falme za Wahaya olubisi ilikuwa heshima na pia ushuru. Sehemu ya pombe ilipelekwa kwa wakubwa, na mtu aliyekanyaga ndizi zake akanywa peke yake alionekana mchoyo asiyefaa kuwa jirani. Mzee alikunywa kwa mrija kutoka katika kibuyu chake. Kugawa pombe kulikuwa njia ya kusema nani ni nani, na kumnyima mtu sehemu yake kulikuwa tusi lisilohitaji maneno.

Walioandika

Sasa twaweza kuuliza ni nani waliouandika ujuzi huu. Wa kwanza kuandika kwa lugha za Ulaya walikuwa wapitaji. Mnamo Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipokelewa Karagwe na mfalme Rumanika. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863 na cha Grant mwaka 1864, na katika vyote viwili pombe ya ndizi yatajwa. Lakini hao walikuwa wasafiri waliotafuta chanzo cha mto Nile. Pombe kwao ilikuwa jambo la njiani.

Wakati wa utawala wa Wajerumani walikuja waandishi waliokaa. Hermann Rehse, aliyekuwa askari, alitoa mwaka 1910 kitabu kikubwa kiitwacho Kiziba: Land und Leute, kuhusu nchi ya Kiziba na watu wake. Kule Kilimanjaro mmisionari Bruno Gutmann alianza kazi mwaka 1902, akaishi na Wachagga kwa miongo mingi. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926, na mafunzo ya jando na unyago akayachapisha katika juzuu tatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Hapana shaka kwamba Gutmann alisikiliza kwa makini kuliko wengi wa zama zake. Lakini aliandika kwa Kijerumani, na mjukuu wa mzee aliyemsimulia habari hizo hawezi kuzisoma. Mwingereza Charles Dundas, aliyekuwa mtawala huko Moshi, alichapisha mwaka 1924 kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake, nacho ni cha Kiingereza.

Tukiviangalia vitabu hivyo pamoja twaona kwamba kila mwandishi aliitazama pombe kwa haja ya kazi yake. Mtawala alitaka kujua sheria ili ahukumu na kutoza kodi. Mmisionari alitaka kujua matambiko ili aone ni lipi la kuhifadhi na lipi la kuacha. Serikali ya kikoloni yenyewe iliandika juu ya pombe kwa njia ya amri. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka uuzaji wa pombe kali kwa Waafrika, na tangu miaka ya 1920 watawala wa Tanganyika walidhibiti kwa leseni uuzaji wa pombe za wenyeji. Baada ya Uhuru iliwekwa sheria ya vileo ya mwaka 1968. Hivyo karatasi nyingi zilijazwa habari za nani anywe, wapi, saa ngapi na kwa ada gani. Namna ya kuitengeneza haikumhusu karani.

Waandishi wa kwetu nao walikuja. Francis Xavier Lwamgira aliandika kwa Kihaya kitabu cha Amakuru ga Kiziba, kilichochapishwa mwaka 1949, ambacho ni hazina ya historia ya wafalme wa nchi hiyo. Petro Itosi Marealle aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, na Sam Ntiro, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa uchoraji, alitoa Desturi za Wachagga mwaka 1953. Vitabu hivi viwili vya mwisho ni vya Kiswahili, na kila mwalimu wa historia angefaa avitafute. Hapa kwa mara ya kwanza mwandishi alikuwa akizungumza na watu wake. Lakini hamu yao kubwa ilikuwa mila na nasaba, na si ajabu, kwa kuwa hayo ndiyo waliyoyaona yakitoweka mbele ya macho yao. Upishi wa mbege haukuwa ukitoweka wakati ule. Kila mtu aliujua. Nani basi angepoteza wino kuandika jambo linalojulikana na kila mtu?

Katika miaka ya karibu wataalamu wameongeza mengi. Robert Carlson alichapisha mwaka 1990 uchunguzi juu ya pombe ya ndizi na kupeana miongoni mwa Wahaya. Justin Willis alitoa mwaka 2002 historia ya vileo vya Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1850 hadi 1999, akionyesha jinsi pombe ilivyofungamana na mamlaka, kwanza ya wazee, kisha ya serikali. Mwaka 2016 Ryosuke Kubo na Method Kilasara walichapisha uchunguzi wa kisayansi juu ya upikaji wa mbege wenyewe. Hatuwezi basi kusema kwamba hakuna kilichoandikwa. Twaweza kusema kwamba yaliyoandikwa kwa ukamilifu yako katika lugha na majarida yasiyofika kijijini, na kwamba fundi mwenyewe hajawahi kuwa mwandishi.

Mfano kutoka nchi ya matofaa

Ili kuona faida ya kuandika ufundi wa namna hii, yafaa tutazame nchi nyingine iliyo na kinywaji kinachofanana na olubisi kwa asili yake. Magharibi mwa Uingereza, katika majimbo ya Herefordshire, Somerset na Devon, wakulima tangu zamani husaga matofaa, huyakamua na kuyaacha maji yake yachachuke katika mapipa. Kinywaji hicho huitwa saida. Matofaa bora kwa kazi hiyo, kama zilivyo embile zetu, ni makali na yenye ukakasi, hayaliwi. Vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa kinywaji hicho, mpaka sheria ya mwaka 1887 ilipokataza malipo ya namna hiyo.

Tofauti kati yao na sisi ni daftari. Mwaka 1664 John Evelyn alitoa kitabu juu ya miti, na mwishoni mwake akaambatisha sehemu iitwayo Pomona, ambamo alikusanya maelezo ya watu mbalimbali juu ya matofaa na utengenezaji wa saida. Mwaka 1676 John Worlidge alitoa kitabu kizima juu ya vinywaji vya matunda, akaeleza hata mashine ya kusagia. Mwaka 1797 Thomas Andrew Knight, mwenyeji wa Herefordshire, aliandika juu ya ukuzaji wa matofaa na utengenezaji wa kinywaji chake, kwa kuwa aliona miti mizuri ya zamani ikidhoofika. Hata hivyo tusivisifu vitabu hivyo kupita kiasi. Viliandikwa na wenye mashamba na wasomi, na sauti ya kibarua aliyegeuza jiwe la kusagia yasikika humo kwa nadra.

Lakini tuone mambo mawili ambayo maandishi yaliyafanya. La kwanza lahusu uhai wa watu. Katika jimbo la Devon wanywaji wa saida walikuwa wakishikwa na msokoto mkali wa tumbo, na wengine walipooza mikono. Mwaka 1767 daktari George Baker, mzaliwa wa jimbo hilo, alichapisha maelezo yake. Alilinganisha vyombo vya Devon na vya Herefordshire, akaona kwamba huko Devon mashine za kukamulia zilikuwa na risasi, madini yale ya sumu, na kwamba asidi ya matofaa iliyayusha madini hayo na kuyaingiza katika kinywaji. Wenyeji walimkasirikia kwa kuharibu jina la bidhaa yao. Hata hivyo risasi iliachwa kidogo kidogo, na ugonjwa ule ukapungua. Kama hapangekuwa na maandishi ya jinsi kila jimbo lilivyofanya kazi yake, ulinganisho huo ungekuwa mgumu mno.

La pili lahusu mbegu. Kati ya mwaka 1876 na 1885 chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe cha Herefordshire, kiitwacho Woolhope, kilitoa kwa mafungu kitabu cha picha za rangi za matofaa na mapea ya jimbo lao. Kazi hiyo iliongozwa na daktari wa mji mdogo, Henry Graves Bull, pamoja na mtaalamu Robert Hogg, na picha zilichorwa na wanawake wawili, Alice Ellis na Edith Bull, binti wa daktari huyo. Watu hao hawakuwa wizara wala chuo kikuu. Walikuwa jamii ya watu wa jimbo moja walioogopa kwamba aina za kale zitapotea, wakakutana, wakakusanya matunda, wakayachora na kuyapa majina. Leo wanaotafuta aina za zamani za matofaa hukifungua kitabu hicho.

Daftari letu

Turudi nyumbani na tuyapime hayo kwa hali yetu. Kwa upande wa uhai, vyombo vyetu vimebadilika. Mahali pa chungu cha udongo na hori la gogo pameingia mapipa ya chuma na ndoo za plastiki ambazo asili yake haijulikani. Kusini mwa Afrika madaktari walieleza katika karne ya 20 jinsi pombe ya jadi iliyopikwa katika vyombo vya chuma ilivyowajaza wanywaji madini ya chuma kupita kiasi na kuwaletea maradhi ya ini. Sisi nasi yatupasa tujue pombe yetu ilipikwa katika nini zamani, na yapikwa katika nini sasa.

Kwa upande wa mbegu, hatari ni kubwa zaidi. Migomba ya Kagera imeshambuliwa kwa miongo mingi na fukusi, na minyoo ya mizizi, na kuchoka kwa udongo. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria, ambao wakulima huuita unyanjano, ulithibitishwa mkoani humo. Ugonjwa huo huenezwa na visu visivyosafishwa na wadudu wanaotembelea maua, nao hulazimisha kung'oa mashina mazima. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kimefanya kazi kubwa juu ya migomba, na aina mpya zimeletwa kutoka ng'ambo. Hizo zimesaidia chakula. Lakini shamba likipandwa upya, mkulima huanza na ndizi ya kushibisha watoto. Embile hungoja, na pengine hairudi. Kilimanjaro nako vihamba vimegawanywa hata vimekuwa vidogo, na ulezi wa mbege siku hizi hununuliwa mara nyingi sokoni, kutoka mikoa mingine. Ndizi ya pombe ikitoweka, na maneno yanayohusu kuivishwa kwake, kukanyagwa kwake na kugawanywa kwake yatatoweka nyuma yake.

Yafaa tukumbuke pia historia ya jina moja linalojulikana sana mijini. Chibuku, pombe ya nafaka ya kiwandani ambayo imeuzwa Dar es Salaam kwa miaka mingi, ilianzia Zambia katika miaka ya 1950, nchi hiyo ilipokuwa bado Northern Rhodesia. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Max Heinrich, alikuwa na desturi ya kuandika katika kitabu kila alichofanya kila alipopika na maoni ya wanywaji, na kwamba wenyeji wakaiita pombe hiyo kwa jina la kitabu hicho. Pombe za nafaka zilipikwa Afrika ya kati karne nyingi kabla ya kiwanda. Ujuzi ulikuwa wa wengi. Daftari lilikuwa la mmoja. Na biashara ikaenda kwa mwenye daftari. Hatumlaumu aliyeandika. Twajilaumu sisi tusioandika.

Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, aliweka vitu hivyo viwili chini ya paa moja, nasi twaona kwamba mpango huo ulikuwa na hekima. Utamaduni bila vijana huwa jumba la makumbusho. Vijana bila utamaduni huwa wapangaji katika nyumba yao wenyewe. Shule za sekondari zaweza kufanya kwa ndizi kazi ile ambayo chama cha Woolhope kilifanya kwa matofaa. Hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji daftari, kalamu, mwalimu mwenye subira na mzee aliyetayari kuulizwa.

Kazi hiyo yaweza kugawanywa hivi. Wanafunzi wa kilimo na baiolojia waorodheshe kila aina ya mgomba iliyomo kijijini, kwa jina la kienyeji, umbo la mkungu, rangi ya shina na matumizi yake, na waichore. Wanafunzi wa kemia waandike hatua za upishi kama zinavyofanywa na fundi mmoja anayejulikana, wakipima uzito, joto na saa, pasipo haja ya kuonja. Wanafunzi wa historia waulize kata lilipokezwa vipi, nani aliruhusiwa na nani alikatazwa, na mambo hayo yalibadilika lini. Wanafunzi wa Kiswahili wakusanye maneno, kwa kuwa lugha yetu ya taifa itajirika kila inapopokea neno sahihi la kazi kutoka lugha ya kienyeji. Na mwishoni mwa kila ukurasa liandikwe, kwa ridhaa yake, jina la mama au mzee aliyeeleza, ili kwa mara ya kwanza mwenye ujuzi ahesabiwe kuwa mwandishi.

Yako maswali yale tuliyoyaacha njiani: ndizi ilivyoiva, uji ulivyopoa, majani ya kukanyagia. Majibu yake hayamo katika kitabu cha Rehse, wala cha Gutmann, wala katika sheria ya mwaka 1968. Yamo vichwani mwa watu ambao wengi wao sasa ni wazee, wanaoketi jioni mbele ya nyumba zao Kibosho na Kiziba, wala hawajaulizwa. Kunywa au kutokunywa ni shauri la dhamiri ya kila mtu. Lakini kuandika ni wajibu wetu sote, na muda wa kuutimiza hautungojei.